Kagongwa na Baiskeli Tu

Wewe unayeishi huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro huhitaji kuelezwa jinsi njia zetu za miguu zilivyo. Upande mmoja pana boma la masale la kihamba cha jirani, upande wa pili mfereji, na katikati pamebaki nafasi ya mtu mmoja na nusu. Katika nafasi hiyo mama anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe aliyoyatoa tambarare, watoto wanatoka shule, mzee anakwenda kwenye jumuiya, na kijana anashuka na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi akiwahi soko. Siku hizi wapo pia wageni wenye baiskeli za milimani, zile za magurudumu manene na gia nyingi, wanaotembezwa vijijini. Njia ni ile ile ya babu zetu, haikupanuka hata hatua moja.

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya ajali zinazotokea watu hawa wanaposhindwa kupishana. Kwa kawaida huzidharau. Mgonjwa akiletwa, ndugu zake husema, "Hakuna neno, sista, kagongwa na baiskeli tu." Hilo neno "tu" sisi wauguzi hatulipendi kabisa.

Wakati fulani wa masika aliletwa bibi mmoja wa miaka sabini na ushei, amebebwa juu ya mlango wa jikoni. Alikuwa anapanda taratibu kutoka kununua chumvi, na baiskeli ikamkuta kwenye kona. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umelala kwa nje. Kwa mzee aliyeanguka, dalili hiyo karibu kila mara ni ya mfupa wa paja kuvunjika karibu na nyonga. Watu wote walimshughulikia yeye, na ilistahili. Kijana aliyemgonga alikaa kwenye benchi ameinama, akijibu kuwa yeye ni mzima. Baada ya saa mbili hivi nesi wa zamu aliona midomo ya kijana imepauka na jasho la baridi linamtoka. Usukani ulikuwa umemchoma tumboni upande wa kushoto, na bandama ilikuwa inavuja damu ndani kwa ndani. Usiku ule alifanyiwa upasuaji, akapona. Bibi naye aliishi, lakini hakutembea tena bila kushikwa mkono.

Nimeeleza habari hiyo ili tuone kwamba ajali ya namna hii ina wagonjwa wawili. Anayelia sana huangaliwa, na aliyenyamaza kwa aibu husahauliwa.

Sasa tuangalie kwa nini baiskeli, chombo kisicho na injini, humvunja mtu. Anayeshuka kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa hukata karibu mita 7 kila sekunde. Tangu jicho lione hadi vidole vikaze breki hupita sekunde moja au zaidi. Maana yake mita 7 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi yake, na kona zetu nyingi hazionyeshi hata mita 5 mbele. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukaza breki unakuwa mara nne. Ongeza mikungu ya ndizi nyuma, ongeza mvua iliyolowesha ringi mpaka raba za breki zinateleza. Kijana atasema breki zilikataa, kumbe zilipewa kazi isiyowezekana.

Mwenda kwa miguu naye hana nafasi kubwa ya kujiokoa. Mama mwenye mzigo wa majani kichwani hawezi kugeuza shingo. Mzee mara nyingi haisikii kengele, na hili vijana wengi hawalijui: masikio yanapozeeka, sauti nyembamba za juu ndizo hupotea kwanza, na kengele ya baiskeli ina sauti nyembamba. Sauti ya mtu, nzito na ya taratibu, humfikia vizuri zaidi. Halafu mtu akishtuliwa kwa nyuma kwa kelele za "Pisha! Pisha!", anaweza kurukia upande ule ule baiskeli inakopita. Wengi wamegongwa hivyo.

Ugomvi huu hatukuuanzisha sisi. Baiskeli za milimani zilianza huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakishuka kwa kasi mlima Tamalpais karibu na San Francisco kwa baiskeli nzito za zamani walizozifanyia marekebisho. Haukupita muda mrefu, waenda kwa miguu na wapanda farasi wakaanza kulalamika. Kwenye njia pana za mlima ule uliwekwa mwendo usiozidi kilomita 24 kwa saa, na kilomita 8 unapompita mtu au unapoingia kona isiyoonyesha mbele. Kilomita 8 ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Uingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1968, waliruhusu baiskeli kupita kwenye njia za farasi za mashambani kwa sharti moja: mwenye baiskeli awapishe waenda kwa miguu na wenye farasi. Basi mgeni atokaye huko akija kwetu si mtu wa kuonewa haya. Nyumbani kwake sharti hilo analijua. Anayemtembeza, ambaye mara nyingi ni kijana wetu, anaweza kumwambia bila woga kwamba na huku ni hivyo hivyo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa waendesha baiskeli wana njia yao ya Kilema, lakini huku chini vihambani hakuna aliyetengewa njia.

Kwa maoni yangu dawa tunayo tayari, nayo ni salamu. Ukimwona mtu mbele yako, punguza mwendo ukiwa bado mbali, kisha sema, "Shikamoo bibi, naomba kupita upande wa mfereji." Usiseme kulia au kushoto, kwa sababu akikugeukia, kulia kwako ni kushoto kwake. Mfereji haugeuki. Kisha ngoja aitikie. Ikiwa umempita kabla "marahaba" haijatoka mdomoni, basi ulikuwa unakwenda mbio mno. Pakiwa pembamba sana, shuka, sukuma baiskeli, kisha upande tena. Mwenye baiskeli anayeshuka ampishe na mwenzake anayepanda, kwani anayepanda akisimama na mzigo kuondoka tena ni shida. Ukikuta ng'ombe au mbuzi wanaswagwa, simama kabisa. Mnyama akishtuka, wa kwanza kuumia ni mtoto anayemwongoza.

Vijana wa bodaboda wanaokata njia za miguu wasidhani wamesahauliwa. Haya yote yanawahusu mara mbili.

Waenda kwa miguu nasi tuna sehemu yetu. Tukitoka kanisani au sokoni tusijipange wanne wanne njia nzima. Mtoto mdogo ashikwe mkono na atembee upande wa boma. Jioni ukitoka, jifunge kanga au vaa shati la rangi nyeupe, maana nguo nyeusi chini ya migomba haionekani. Na zaidi ya yote, hasira isitufanye watu wabaya. Katika baadhi ya nchi za Ulaya wapo waliofunga waya kati ya miti ili kuwakomesha wenye baiskeli. Waya uliokaa usawa wa shingo unaua. Kulaza gogo au mawe kwenye kona ni jambo lile lile, na atakayejikwaa usiku huenda akawa mama mjamzito anayewahishwa hospitali.

Kuna madhara mengine yasiyofika wodini. Mzee aliyenusurika kugongwa mara mbili huamua kukaa nyumbani. Haendi tena jumuiya, haendi kliniki ya presha, haendi kwa dada yake kihamba cha pili. Miguu isiyotembea hupoteza nguvu, mifupa hudhoofika, moyo huingiwa na upweke, na siku akianguka mwenyewe uani huvunjika kirahisi. Hakuna baiskeli iliyomgusa, lakini njia yake ilichukuliwa.

Ajali ikitokea, jambo la kwanza ni kuwaangalia wote wawili. Aliyeumia nyonga au paja asisimamishwe "ajaribu mguu", asivutwe, wala asichuliwe. Weka nguo laini katikati ya miguu yake, ifunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga, mlaze kwenye machela, kitanda au mlango, mfunike, kisha mlete. Mzee akicheleweshwa nyumbani wiki nzima, hupata vidonda vya kulalia na nimonia, na hayo huua zaidi ya mfupa wenyewe.

Aliyepigwa na usukani tumboni, hata kama ngozi ina alama ndogo tu ya duara, asipewe chakula. Akilalamika tumbo, au bega la kushoto linauma bila kuwa limeguswa, au akitapika, au akipauka, aletwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama ajali ilitokea jana. Mama mjamzito aliyegongwa aletwe ingawa hasikii maumivu.

Mkwaruzo na kidonda huoshwa kwa maji safi mengi na sabuni, kikafunikwa na kitambaa safi. Msipake majivu, samadi wala mafuta ya taa. Udongo wa njia zetu umechanganyika na mavi ya wanyama, na humo ndimo vijidudu vya pepopunda vinakaa. Kwa hiyo mwenye kidonda aje na kadi yake ya chanjo kama anayo.

Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake kwa siku nzima ya kwanza. Akitapika tena na tena, akizidiwa na usingizi, akiongea ovyo, akishikwa na degedege, au akitokwa na damu au majimaji masikioni, msingoje asubuhi. Kwa wazee muwe na subira ndefu zaidi, kwa sababu damu inaweza kuvuja polepole juu ya ubongo na kujionyesha baada ya wiki tatu au zaidi, wakati kila mtu ameshasahau. Bibi aliyekuwa mzima anaanza kuumwa kichwa, anasahau majina ya wajukuu, au anavuta mguu mmoja. Msiseme ni uzee. Mleteni hospitali, na mtuambie siku aliyogongwa.