Koo Lililo Wazi

Kufundisha uimbaji kwa mbinu za kiklasiki, zilizokomaa Italia kwa karne kadhaa, huanza na pumzi. Mwanafunzi husimama wima, magoti hayakukazwa, mabega yametulia. Akivuta hewa, mbavu za chini na kiuno hutanuka. Hewa hiyo haisukumwi: hutolewa kidogo kidogo, nazo nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto hutetema bila kubanwa. Soprano anayeimba noti ya la inayotumika kupatanishia ala huzitetemesha mara 440 kwa sekunde moja. Nyuzi zinazofanya kazi kubwa hivyo hazistahili kukamiwa.

Katika kijiji kama Gehandu, mkoani Manyara, uimbaji wa sauti nne hukaa zaidi kwenye kwaya za makanisa. Mwalimu wa kwaya huimba kila sauti, waimbaji wakaifuata, au huwaandikia solfa ubaoni. Solfa humwonyesha mtu anapopanda na anaposhuka, lakini haisemi koo lake lifanye nini. Ndipo sauti ya kwanza hufika juu kwa kuinua kidevu na kukaza shingo, na ibada ikiisha wengi wamekauka sauti. Dawa yake ni mazoezi mepesi kabla ya wimbo: kutetemesha midomo kwa pumzi, kuimba midomo ikiwa imefumbwa, kisha irabu moja moja, taya likiwa limelegea.

Kwenye irabu Waswahili wana bahati. A, e, i, o, u zao ni safi na hazigeuki katikati, zinakaribia sana za Kiitaliano. Mwingereza hutumia miaka kuzitafuta. Kiiraqw, lugha ya Kikushi inayozungumzwa na wengi mkoani Manyara, kina kazi ya ziada. Sauti inayoandikwa hh, na ile ya alama /, hutamkwa kwa kubana koo, nyuma ya ulimi. Si kasoro, ndiyo lugha yenyewe. Mwimbaji huzitamka konsonanti hizo kwa ufupi, halafu hulifungua koo mara irabu inapoanza. Kumwambia azilainishe ni kumwibia neno.

Koo likiwa wazi, sauti hupata mng'ao katika mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi kulisikia. Kwa njia hiyo mtu mmoja husikika juu ya okestra nzima, au hadi benchi la mwisho la kanisa lisilo na vipaza sauti. Slufay, utenzi wa maombi wa Wairaqw ambao mzee huongoza na watu huitikia, una ladha yake na hauhitaji mng'ao huo. Pumzi tulivu inautosha.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mazoezi husimama na mwimbaji huenda kwa daktari. Hata kioo kidogo cha daktari cha kuchungulia zoloto kilitumiwa mwaka 1854 na mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliyetaka kuziona nyuzi zake mwenyewe zikiimba.