Taka za Nyumbani (Sehemu ya 2): Mabaki ya Jikoni Pasipo na Shimo

Juma lililopita tulizifuata taka kutoka mlangoni hadi jalalani. Leo tuzungumzie zile zinazoleta uzito, harufu na nzi: mabaki ya jikoni. Katika miji ya Afrika kusini mwa Sahara, taka zinazooza ni zaidi ya nusu ya taka zote. Hapa Kolwezi tunazijua: maganda ya mihogo na ndizi, vijiti vya sombe, vichwa vya samaki, bukari iliyolala.

Ushauri uliozoeleka ni kuchimba shimo la mboji. Hapa kwetu ushauri huo unakwama, kwanza kwa kukosa nafasi. Tangu mji huu uwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, watu wamezidi kumiminika, na lupango moja mara nyingi hubeba kaya kadhaa. Lakini hata mwenye nafasi ana tatizo la pili, nalo ni udongo wenyewe. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na mashimo yakachimbwa hadi ndani ya malupango. Utafiti wa wataalamu wa Lubumbashi na Leuven, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika vumbi la mtaa huo, na pia katika mikojo ya wakazi, hasa watoto. Madini hayaozi. Ukichanganya mboji na udongo wa namna hiyo kisha ukapanda lengalenga, mboga inayofyonza madini kwa urahisi, unayarudisha sahanini.

Njia ifaayo basi ni ile isiyogusa ardhi ya uani. Nazijua tatu.

Ya kwanza ni mifugo. Kuku na bata hula maganda mabichi yaliyokatwakatwa, isipokuwa ya mihogo, ambayo yakiwa mabichi yana sumu. Nguruwe anahitaji uangalifu: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, husafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe. Bora usimpe nyama hiyo kabisa. Mabaki mengine yachemshwe nusu saa.

Ya pili ni ndoo ya kuchachusha, maarufu kwa jina la Kijapani, bokashi. Chukua ndoo yenye mfuniko unaobana, itoboe chini na kuipachika ndani ya nyingine. Lowesha pumba za mahindi kwa maji yaliyochujwa kutoka maziwa ya mgando, yaliyotiwa sukari kidogo, mpaka zishikane bila kudondosha maji. Kila ukitia mabaki, nyunyiza pumba, kandamiza hewa itoke, funika. Bakteria wa maziwa hutengeneza asidi inayozuia uozo, ndiyo maana ndoo hunuka uchachu na haivundi. Usitie majivu ya babula, kwa kuwa huua asidi hiyo. Maji yanayochuruzika yamwage kila baada ya siku chache. Ndoo ikijaa, iache wiki mbili. Kilichomo bado si mbolea: kizike ndani ya gunia lenye udongo uliotoka mbali na migodi, au mkabidhi mkulima wa pembezoni. Baada ya wiki chache kitageuka udongo mweusi.

Ya tatu ni nzi askari mweusi, Hermetia illucens. Funza wake hula mabaki kwa wiki mbili hivi, kisha huwa chakula cha kuku na samaki chenye protini nyingi. Nchini Kenya ufugaji huu tayari ni biashara. Nzi huyu hupenda joto, na Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai, ukuaji wake hudorora. Kazi hii inafaa kikundi au soko kuliko kaya moja.

Njia zote tatu zina sharti moja: mabaki ya chakula yatengwe tangu jikoni. Yakishachanganyika na plastiki na betri hayafai tena kwa mnyama, ndoo wala funza. Kwa hiyo anza na chombo cha pili kando ya pipa lako. Nao wasimamizi wa masoko waweke mapipa mawili, kwani huko ndiko maganda yanakolundikana zaidi, na mvua za Novemba zikifika, marundo hayo huwa mazalio ya nzi wanaotua kwenye vyakula vyetu.

Juma lijalo: plastiki.