Mwewe Mvuvi Arejea Kiotani

Sisi wa pwani humwona mwewe mvuvi akipiga mbizi katika hori ya Mida wakati wa kaskazi, wala hatuulizi atokako. Huko Uskoti, bunduki na wezi wa mayai walikuwa wamemmaliza. Mwaka 1954 alirejea mwenyewe, akajenga kiota Loch Garten. Mwaka 1958 mwizi akaupanda mti usiku, akachukua mayai na kuacha ya kuku yaliyopakwa rangi! Wahifadhi, wakiongozwa na George Waterston, wakaacha kukificha kiota. Mwaka 1959 waliwaalika watu wakitazame kwa darubini kutoka kibandani. Tunawasifu kwa hilo, kwani mlinzi mmoja husinzia. Maelfu walikuja, na makinda matatu yakaruka.