Sheria Iliyowarudishia Wakristo Nyumba Zao

Tarehe 19 Mei mwaka 303, Munatius Felix, msimamizi wa mji wa Cirta katika Numidia, ambao leo ni mji wa Constantine nchini Algeria, alifika na maofisa wake kwenye nyumba walimokuwa wakikusanyika Wakristo. Alikuwa akitekeleza amri ya Kaisari Diocletian: makanisa yabomolewe, Maandiko yakabidhiwe na kuchomwa moto. Askofu Paulo alikuwa ameketi, mapadre na mashemasi wako naye. Karani akaandika kila kilichotolewa: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, taa saba za fedha, kanzu 82 za wanawake na 16 za wanaume, viatu vya wanaume jozi 13 na vya wanawake jozi 47. Katika maktaba, makabati yalikutwa matupu, kwa maana vitabu vilikuwa majumbani kwa wasomaji. Mashemasi wadogo wawili walipoambiwa wawataje wasomaji hao, walikataa na kusema heri wauawe.

Orodha hiyo ipo hadi leo kwa sababu mwaka 320 ilisomwa mbele ya hakimu katika shauri la Wakristo walioshtakiana wenyewe kwa wenyewe. Nami humwelekeza huko kila anayeniuliza Ukristo ulikubaliwaje na sheria za Roma. Wengi hutaja maono ya Kaisari Constantine na ushindi wake wa mwaka 312 kwenye Daraja la Milvio, wakaishia hapo. Lakini jozi 47 za viatu vya wanawake si mali ya mtu mmoja, na yaelekea ziliwekwa kwa ajili ya wajane na maskini. Jumuiya ile ilikuwa na nyumba, maktaba, vyombo vya thamani na ghala la nguo. Kisheria, vyote hivyo vilikuwa vya nani? Kwa maoni yangu, historia nzima ya kuhalalishwa kwa Ukristo imezunguka swali hilo kuliko swali la nani aliruhusiwa kuamini nini.

Kwa muda mrefu sheria ilimtazama Mkristo mmoja mmoja. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinius Mdogo, aliyekuwa gavana wa Bithinia na Ponto, nchi zilizotajwa mwanzoni mwa Waraka wa Kwanza wa Petro, alimwandikia Kaisari Trajan kumwomba mwongozo. Jibu lilikuwa fupi. Wakristo wasitafutwe, wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, anayekana na kuiabudu miungu ya Roma asamehewe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe. Kwa hiyo mtu aliweza kuishi miaka mingi kwa amani, kisha jirani mwenye kinyongo akampeleka kwa gavana, naye akahukumiwa kufa. Hali ikazidi kuwa mbaya Kaisari Decius alipoamuru watu wa dola nzima watoe dhabihu. Huko Misri zimepatikana hati zaidi ya 40 za mafunjo zilizotolewa kwa waliotii mwaka 250, kila moja ikiwa na jina la mtu na ushahidi kwamba ametoa dhabihu.

Kaisari Valerian ndiye aliyeigusa jumuiya yenyewe. Mwaka 257 alipiga marufuku mikutano ya Wakristo na kuwazuia kuingia makaburini mwao, na mwaka uliofuata viongozi wakaanza kuuawa, akiwamo Cyprian, Askofu wa Carthage. Mwaka 260 Valerian alitekwa na Waajemi. Mwanawe Gallienus akageuza mwelekeo: aliwaandikia maaskofu wa Misri, akiwamo Dionysius wa Aleksandria, kuwajulisha kwamba mahali pao pa ibada warudishiwe na mtu asiwasumbue. Barua hiyo haisifiwi inavyostahili. Kaisari wa Roma aliwaandikia maaskofu kwa cheo chao cha uaskofu, akakiri kwamba wana mahali ambapo ni pao.

Miaka 12 hivi baadaye, Wakristo wa Antiokia walifika kwa Kaisari Aurelian wakigombea nyumba ya kanisa. Paulo wa Samosata alikuwa amevuliwa uaskofu na wenzake lakini hakutaka kutoka. Aurelian, ambaye hakuwa Mkristo, aliamua kwamba nyumba wapewe wale wanaoandikiana barua na maaskofu wa Italia na Roma.

Kwa hiyo Diocletian alipoanza kubomoa, mwaka 303, alikuwa akivunja kitu ambacho dola ilikuwa imekizoea kwa zaidi ya miaka 40. Mateso yalikuwa makali, hasa mashariki. Tarehe 30 Aprili 311, Kaisari Galerius, aliyekuwa mgonjwa mahututi na ambaye mwenyewe alikuwa mchochezi mkubwa wa mateso hayo, alitangaza, kwa amri iliyobandikwa Nicomedia, kwamba Wakristo waruhusiwe kuwapo tena na kujenga nyumba zao za mikutano, mradi wasivuruge utulivu, na wamwombee yeye na dola kwa Mungu wao. Siku chache baadaye alifariki. Huo ndio uhalali wa kwanza uliotamkwa waziwazi. Ila tangazo hilo halikusema lolote juu ya mashamba na nyumba zilizokwisha kutwaliwa na hata kuuzwa.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na kile kinachoitwa Amri ya Milan. Makaisari Constantine na Licinius walikutana Milan mwanzoni mwa 313, Licinius alipomwoa Constantia, dada wa Constantine, wakapatana. Maandishi tuliyo nayo ni barua ya Licinius kwa magavana, iliyobandikwa Nicomedia tarehe 13 Juni mwaka huo. Barua hiyo haikuufanya Ukristo dini ya dola, kama inavyosemwa mara kwa mara. Ilimpa kila mtu, Mkristo na asiye Mkristo, uhuru wa kufuata dini anayoipenda. Kisha sehemu yake kubwa inashughulikia mali. Majengo yarudishwe mara moja, bila malipo. Aliyeyanunua au kupewa zawadi aende kwa mwakilishi wa Kaisari kudai fidia. Na zirudishwe pia mali nyingine ambazo, barua inafafanua, ni haki ya jumuiya yao, yaani makanisa, wala si za mtu mmoja mmoja.

Maneno hayo yana uzito mkubwa. Hapa kwetu kanisa humiliki kiwanja kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, hivyo askofu akifa, warithi wake hawadai kitu. Jumuiya za Kikristo za kale ziliishi bila kinga hiyo ya uhakika. Mwaka 313 sheria ya dola ilitamka bayana kwamba jumuiya yenyewe inaweza kuwa na mali, na mwaka 321 Constantine akaruhusu yeyote aliachie kanisa mali kwa wosia. Utajiri wa kanisa la karne zilizofuata ulipitia mlango huo.

Lakini dola ikiahidi kuwarudishia Wakristo mali, lazima iseme Wakristo ni akina nani. Afrika ya Kaskazini, ambako Constantine alimwagiza liwali Anulinus alirudishie kanisa nyumba na bustani, kulikuwa na makundi mawili, kila moja likidai kuwa ndilo kanisa: la Askofu Caecilian na lile lililokuja kuitwa la Wadonati. Wadonati waliomba Kaisari awateulie waamuzi. Shauri likasikilizwa Roma mwaka 313 na Arles mwaka 314, wakashindwa mara zote mbili, na makanisa yao yakaanza kutwaliwa. Mwaka 326 Constantine aliandika kwamba wazushi hawahusiki na nafuu zilizotolewa kwa ajili ya dini. Mwaka 380 Kaisari Theodosius aliwaamuru raia wote wafuate imani ya Damasus wa Roma na Petro wa Aleksandria, na mwaka uliofuata akaagiza makanisa yote wapewe maaskofu wenye ushirika na wale aliowataja kwa majina, akiwamo Nectarius wa Constantinople. Kipimo chake kilikuwa kile kile cha Aurelian kule Antiokia, ila safari hii Kaisari hakuwa akiamua shauri lililoletwa mbele yake.