Elatostema: Upupu Usiowasha?

Elatostema ni jina la kitaalamu la kundi la mimea midogo imeayo kivulini, katika misitu yenye unyevu ya nchi za joto: kandokando ya vijito na juu ya miamba iliyolowa. Aina zake ni mamia kadhaa. Nyingi zimo Asia na visiwa vya Pasifiki. Chache zimo Afrika, misitu ya Kongo ikiwemo. Walioupa jina hilo ni Johann Reinhold Forster na mwanawe Georg, waliosafiri na James Cook kati ya 1772 na 1775.

Shina lake ni laini, lenye majimaji. Majani yamejipanga safu mbili, na kila jani lina upande mmoja mpana kuliko wa pili. Maua ni madogo mno, tena yamesongamana. Stameni za ua dume hukaa zimepindwa ndani ya tumba. Zikikomaa hufyatuka kama mtego na kurusha chavua. Hiyo ni faida kubwa chini ya miti mirefu, ambako upepo ni haba.

Kwa upande wa lugha, mmea huu unaleta tatizo. Familia yake, Urticaceae, ilipata jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuunguza. Baadhi ya jamaa zake, kama Urtica na Laportea, zina vinyweleo mithili ya sindano za kioo. Ncha ikiguswa hukatika, na sumu huingia ngozini. Elatostema haina vinyweleo hivyo.

Kiswahili nacho huiita mimea hiyo iwashayo upupu. Lakini upupu hasa ni Mucuna pruriens, mmea utambaao wa familia ya maharagwe, ambao maganda yake yana manyoya yawashayo. Neno la Kiswahili, basi, hufuata hisia ya ngozi. Elimu ya mimea hufuata udugu wa maua na matunda. Kuiita Elatostema «upupu mdogo» kungemfundisha mwanafunzi mambo mawili yasiyo kweli: kwamba huwasha, na kwamba ni ndugu wa maharagwe.

Yafaa, kwa hiyo, mwandishi wa vitabu vya shule atumie jina la kitaalamu pamoja na maelezo, na kabla ya kuunda neno jipya awaulize kwanza wakaaji wa msitu. Huenda Kilega au Kitembo kina jina tayari, nalo lastahili kuingia katika Kiswahili.