Dakika 431 za Perry Mason

Kati ya Septemba 1934 na Juni 1937, studio ya Warner Bros. ilitoa filamu sita za wakili Perry Mason, yule anayepeleleza mwenyewe kesi za wateja wake. Ukizitazama zote mfululizo utakaa kitini kwa dakika kama 431, yaani saa saba na dakika kumi na moja. Katika muda huo utakutana na akina Perry Mason watatu, na akina Della Street, katibu muhtasi wake, watano. Waongozaji nao ni watano. Kwa filamu sita tu, mabadiliko hayo ni mengi mno, nami naamini humo ndimo ilimo sababu ya wakili huyu kushindwa kupata makao katika sinema.

Mtunzi wake, Erle Stanley Gardner, alikuwa wakili kweli, mwenye ofisi Ventura, California. Alianza kwa kuandikia majarida ya bei rahisi yaliyolipa kwa neno, akijiwekea lengo la maneno zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Riwaya ya kwanza ya Mason, The Case of the Velvet Claws, ilitoka 1933. Hadi 1934 inamalizika, zilikuwa tano. Kwa studio, mtunzi wa kasi hiyo ni neema: msomaji anamjua mhusika tayari, na hadithi mpya haikosekani.

Warner ilihitaji neema. Mdororo wa uchumi uliipa hasara ya zaidi ya dola milioni 14 mwaka 1932, na hata 1934, Mason alipoingia studioni, ilifunga hesabu za mwaka ikiwa na hasara ya takribani milioni 2.5. Wakati huo huo ilipaswa kutoa filamu zaidi ya 50 kwa mwaka, kwa kuwa ilimiliki majumba ya sinema, na majumba hayo hayangoji.

Kiingilio cha wastani Marekani kilikuwa takribani senti 25. Wanunuzi wa tiketi walikaribia milioni 80 kwa wiki, wakigawanyika katika majumba 15,000 hivi. Ili kuwavuta watu waliokuwa wanahesabu kila senti, majumba mengi yalianza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Jumba la mtaani lililobadilisha ratiba mara tatu kwa wiki lilihitaji filamu sita kila wiki, zaidi ya 300 kwa mwaka. Hollywood nzima ilikuwa ikitengeneza takribani 500.

Filamu hizo mbili za tiketi moja hazikulipwa sawa, na hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Filamu kuu ilikodishwa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Filamu ya pili ilikodishwa kwa bei moja iliyokubaliwa kabla. Chukua mfano wa kukadiria tu: jumba la viti 500 likijaa kwa senti 25 linaingiza dola 125. Studio yenye mkataba wa asilimia 30 inapata dola 37.50, na kesho jumba likijaa tena inapata kama hizo tena. Mwenye filamu ya pili analipwa kile kile hata watu wakipanga foleni hadi barabara ya pili. Mapato yake yana dari. Faida haiwezi kutoka kwingine ila katika kupunguza gharama.

Sasa ziangalie dakika. The Case of the Howling Dog, ya 1934, ina kama dakika 75. The Case of the Curious Bride ina 80, na The Case of the Lucky Legs ina 77, zote mbili za 1935. Kisha panashuka ghafla: The Case of the Velvet Claws ya 1936 ina 63, The Case of the Black Cat ya mwaka huo huo ina 66, na The Case of the Stuttering Bishop ya 1937 ina 70. Tatu za mwanzo zina wastani wa dakika 77, tatu za mwisho 66. Huyo ni Mason akihamishwa kutoka upande wa filamu zilizotarajiwa kuvuta watu hadi kitengo cha Bryan Foy, mtayarishaji aliyekabidhiwa filamu za bajeti ndogo za Warner.

Dakika zina uzito wake kwa vipimo halisi. Ukanda wa milimita 35 wenye sauti hupita kwenye projekta kwa picha 24 kila sekunde, ambazo ni futi 90 kwa dakika. Dakika 80 ni futi 7,200. Dakika 63 ni futi 5,670. Tuseme zinachapishwa nakala 200 za kila moja: tofauti ya futi 1,530 inakuwa futi 306,000, karibu kilomita 93 za ukanda ambao haukununuliwa, haukusafishwa wala haukusafirishwa. Na hapo hujahesabu siku za kupiga picha zilizookolewa, ambazo ndizo zenye gharama za umeme, mapambo na waigizaji.

Kuhusu waigizaji, Warner iliwatumia kwa zamu. Ushahidi mzuri ni The Maltese Falcon, riwaya ya Dashiell Hammett ambayo studio hiyo ilinunua haki zake kwa dola 8,500 mwaka 1930, ikaifanya filamu mara tatu: 1931, 1936 na 1941. Ricardo Cortez aliigiza mpelelezi katika ya kwanza, Warren William katika ya pili, na Mary Astor alikuwa mwanamke mkuu katika ya tatu. Wote watatu wamo katika filamu za Mason. William ndiye Mason wa filamu nne za mwanzo, Cortez wa ile ya tano, na Astor ni mteja katika ya kwanza. Donald Woods, Mason wa mwisho, alikuwamo katika Curious Bride akiigiza mtu mwingine kabisa. Humo humo Errol Flynn, kijana asiyejulikana bado, anaonekana kwa muda mfupi kama mtu anayeuawa. Kabla ya mwaka kwisha, mwongozaji yule yule, Michael Curtiz, alimfanya nyota kwa Captain Blood.

Linganisha na studio ya MGM. Mei 1934, miezi minne kabla ya Mason wa kwanza, ilitoa The Thin Man, filamu ya mume na mke wanaopeleleza mauaji huku glasi zikijazwa. Iligharimu takribani dola 230,000 na kuingiza kama milioni 1.4. MGM ilitengeneza sita, idadi sawa na za Mason, hadi 1947. William Powell na Myrna Loy wamo katika zote sita. Watu wawili, miaka 13. Warner ilitumia watu wanane kwa nafasi mbili, katika muda usiotimia miaka mitatu.

Badala ya kuiga uvumilivu huo, Warner iliiga pombe. Katika Lucky Legs Mason ni mlevi mchekeshaji. Katika Velvet Claws anamwoa Della, jambo ambalo Gardner hakulifanya katika riwaya zaidi ya 80. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko kupunguza dakika. Mtazamaji husamehe mapambo duni, lakini hana sababu ya kumfuata hadi kesi ya pili wakili anayebadilika tabia na uso. Msiba nao uliongeza mtawanyiko: Alan Crosland, aliyeongoza Howling Dog na kabla yake The Jazz Singer, alifariki Julai 1936 kwa ajali ya gari akiwa kazini kwenye Black Cat, na William McGann akaimalizia.

Gardner aliona na akakasirika. Mwaka 1940 Warner iliitoa riwaya yake nyingine kwa jina la Granny Get Your Gun, Mason akiwa ameondolewa kabisa. Redioni, CBS ilimrusha Mason tangu 1943 hadi 1955, robo saa kwa siku, vipindi zaidi ya 3,000. Televisheni ilipobisha hodi, Gardner alishirikiana na mtayarishaji Gail Patrick Jackson kuunda kampuni yao, Paisano, ili muswada usipite bila idhini yake. Kuanzia 1957 hadi 1966 vikatoka vipindi 271, Raymond Burr akiwa Mason na Barbara Hale akiwa Della. Ukumbi wa mahakama uliojengwa mara moja ulitumika kesi baada ya kesi, gharama yake ikipungua kila jaji alipoketi. Burr na Hale walirudi 1985, na wakaendelea hadi Burr alipofariki 1993.

Filamu zile sita zilikusanywa katika seti moja ya DVD mwaka 2012. Mwenye nafasi ya moja tu aanze na Howling Dog: ina mahakama, ina Mary Astor, na Warren William anamchukulia mteja wake kwa uzito ambao baadaye hakuruhusiwa kuuonyesha tena.