Kabla Chama Hakijanunua Lori Lililotumika

Msimu wa ununuzi wa pamba huanza mwezi wa Mei, na hapo ndipo chama cha msingi hutambua thamani ya lori lake. Lori likilala njiani, pamba hulundikana ghalani, kiwanda cha kuchambulia husubiri, na mkulima huchelewa kupata haki yake. Fedha ya kununulia lori ni jasho la wanachama. Kwa hiyo haifai Bodi kuridhishwa na rangi mpya na matairi mazuri.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita uangalifu unahitajika zaidi. Baadhi ya malori yanayouzwa huku yamewahi kubeba mawe ya dhahabu kutoka machimboni hadi kwenye makarasha. Vumbi la mawe hayo ni gumu. Likipenya katika chujio bovu la hewa, hula silinda na ringi za pistoni.

Kwanza, ukaguzi uanze injini ikiwa baridi. Mwuzaji aliyeiwasha kabla wajumbe hawajafika huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka. Ikikutwa ina joto, wajumbe wangoje ipoe.

Pili, ikiwa bado baridi, rejeta ifunguliwe na kijiti cha kupimia oili kichomolewe. Oili ikielea juu ya maji, au ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, aghalabu gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe ina ufa.

Tatu, injini iwashwe na moshi utazamwe. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Mweusi mzito waonyesha dizeli kuzidi hewa, pengine kwa sababu ya nozeli mbovu au chujio lililoziba. Mweupe huweza kutoka kidogo asubuhi. Usipokoma injini ikishapata joto, huenda maji yanaingia ndani ya silinda.

Nne, injini ikinguruma polepole, kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe. Moshi ukisukumwa hapo kwa nguvu, ringi zimechakaa.

Tano, lori lipakiwe mzigo na kupandishwa kilima, kwani gari tupu kwenye tambarare halisemi kweli. Namba za injini na chasisi nazo zilinganishwe na kadi ya gari.

Kazi hii ifanywe na fundi aliyechaguliwa na chama, asiwe wa mwuzaji, na matokeo yaandikwe ili wanachama wasomewe kabla fedha hazijatoka. Ujira wa fundi wa siku moja ni mdogo kuliko hasara ya msimu mzima.